Ngoma ya mauti na mchonga mbao asiyetajwa

Juma lililopita nilikuwa darasani nikifundisha methali. Mwanafunzi mmoja aliyeketi safu ya nyuma akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “eti kifo cha wengi harusi. Harusi ya nani? Sisi nyumbani tumezika watu watatu mwaka huu na harusi sijaiona.”

Wenzake hawakucheka. Nilimpa jibu la vitabuni, lile ambalo wengi wetu tulikaririshwa shuleni: kwamba msiba ukishirikiwa na wengi huwa mwepesi, kwamba mtu akijua si yeye peke yake aliyefikwa hupata faraja, na kadhalika na kadhalika. Akashukuru, akaketi. Lakini uso wake uliniambia hakuridhika. Na nikisema kweli, msomaji wangu, hata mimi sikuridhika.

Jioni ile nilikitoa rafuni kitabu nilichokipata miaka mingi iliyopita kwa muuza vitabu vya mitumba. Ni chapa ya kisasa ya kitabu kilichotoka mara ya kwanza katika mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1538. Nakala zenyewe za 1538 ni adimu mno. Zimefungiwa katika maktaba na majumba ya makumbusho, na anayetaka kuzigusa huomba ruhusa kwanza. Jina lake la Kifaransa ni refu: Les simulachres et historiées faces de la mort. Ningelazimishwa kulitafsiri ningesema “Mifano na Sura za Mauti Zilizosimuliwa kwa Picha”. Kina picha 41, zote zimechapwa kutokana na vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Aliyezibuni na kuzichora ni Hans Holbein, Mjerumani aliyezaliwa Augsburg mnamo mwaka wa 1497.

Nilikitoa kwa sababu swali la yule kijana nililiona limejibiwa humo, japo si kwa namna aliyoitarajia mwalimu wake.

Tuanze mbali kidogo. Kati ya 1347 na 1351 Ulaya ilipigwa na tauni. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba thuluthi moja ya watu wa bara lile waliangamia, na wapo wanaosema ni zaidi. Makaburi yalijaa. Mapadri waliokwenda kuwaombea wagonjwa walikufa pamoja na wagonjwa wao. Tauni haikwisha hapo. Iliendelea kurudi, kizazi baada ya kizazi. Watu walioishi hivyo ndio walioanza kuchora kuta za makaburi na makanisa yao picha za ajabu: wafu wanacheza ngoma na walio hai.

Mchoro uliovuma kuliko yote ulikuwa Paris, katika makaburi yaliyoitwa Les Innocents. Ulichorwa mwaka wa 1424 na 1425. Hebu ufikirie: ukuta mrefu, na juu yake mlolongo wa watu walioshikana mikono. Papa kashikwa na maiti, maiti kamshika kaizari, kaizari kashikwa na maiti mwingine, akifuata kadinali, mfalme, na kuendelea hadi chini kwa mkulima na mtoto mchanga. Wafu wanaruka na kutikisa mifupa. Walio hai wanaburutwa kwa miguu mizito, kama mgeni aliyelazimishwa kuingia uwanjani kucheza na hataki. Ukuta ule ulibomolewa mwaka wa 1669 ili barabara ipanuliwe. Mji wa Basel, Uswisi, ulikuwa na wake pia, uliochorwa mnamo 1440 katika makaburi ya watawa wa Kidominiko. Nao ukaangushwa mwaka wa 1805. Vipande vichache tu viliokolewa.

Hapo sasa methali yetu inakaa sawasawa. Kifo cha wengi, na kweli ni harusi! Ngoma ipo, mlolongo upo, mikono imeshikana, wakubwa kwa wadogo. Aliyesimama mbele ya ukuta ule hakusimama peke yake. Makaburi ya Paris zama hizo yalikuwa mahali pa watu wengi; walipita humo, walikutana humo, walifanya biashara humo. Kifo kilikuwa hadharani na mtazamaji alikuwa katikati ya umati. Alionywa, ndiyo, lakini alionywa pamoja na wenzake.

Holbein alihamia Basel mwaka wa 1515, akiwa kijana wa miaka kama 18. Ukuta ule wa watawa alikuwa nao mjini. Na bila shaka aliuelewa vizuri, kwa sababu alipokuja kuchora mauti yake mwenyewe, baina ya 1523 na 1526 hivi, alifanya jambo moja kubwa: aliivunja ile ngoma.

Katika kitabu chake hakuna mlolongo. Hakuna mikono iliyoshikana. Kila mtu yumo ndani ya picha yake, katika shughuli yake, saa yake, na mauti imemjia yeye tu. Picha zenyewe ni ndogo ajabu, kama sentimita 6.5 kwa 5. Toa kitambulisho chako mfukoni ukiangalie. Picha ya Holbein ni ndogo kuliko hicho. Huwezi kuitazama ukiwa na umati. Sharti ukishike kitabu, uinamishe uso, uwe peke yako.

Na ukiinama hivyo, unaona nini?

Unamwona hakimu ameketi kitini pake. Kulia na kushoto wamesimama tajiri na maskini, na mkono wa tajiri umo mkobani, unatafuta sarafu. Nyuma ya hakimu mauti imemfikia, inaivunja fimbo yake ya cheo. Ukurasa mwingine ni wakili, anapokea malipo kwa tajiri, na maskini kasimama nyuma amekunja mikono, kesi yake haina msemaji. Mauti nayo imo katika yale mapatano, imeinua saa ya mchanga. Mfalme yuko mezani, vyakula vimepangwa, na anayemmiminia kinywaji ni mifupa mitupu. Tajiri yumo katika chumba chenye dirisha la vyuma, na mauti haikumgusa hata kidogo. Inazoa pesa zake mezani, naye anapiga kelele kana kwamba ndiyo roho yake inayochukuliwa. Mtawa wa kike amepiga magoti mbele ya altare, lakini shingo kaigeuza kumtazama kijana aliyeketi kitandani anapiga gambusi. Nyuma yake mauti inazima mshumaa.

Daktari analetewa mgonjwa, na anayemleta mgonjwa ni mauti. Mnajimu anakodolea macho tufe la nyota, mauti inamwonyesha fuvu, kama kumwambia: ulichokuwa ukikitafuta mbinguni hiki hapa. Padri anakwenda kumpelekea mgonjwa sakramenti, na anayemtangulia na kengele na taa ni mauti yenyewe. Mchuuzi, mzigo mzito mgongoni, anaonyesha kidole njia aendako. Mauti inamvuta mkono aelekee kwingine.

Ukiziangalia kwa haraka utadhani ni vitisho vya wahubiri. Tazama tena. Holbein alichora hizi picha wakati ambapo wakulima wa Ujerumani walikuwa wameasi. Uasi ule ulianza 1524 na ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu mwaka wa 1525. Katika kitabu, mauti inayomwandama bwana mwenye ardhi imevaa kama mkulima. Ile inayomchukua hakimu inamchukua mkono ukiwa tayari kupokea. Mauti ya Holbein si kipofu. Inajua saa ya kuingia, nayo huingia pale ambapo mtu anafanya lile ambalo asingependa aonekane akilifanya.

Halafu unafika kwa mkulima. Ni mzee, nguo zimechakaa, amejipinda juu ya plau. Farasi wake wamechoka. Mbali kidogo kuna kanisa dogo, na jua linazama nyuma yake kwa miale mirefu. Mauti hapa haimvuti mtu nguo wala haimvunjii kitu. Inakimbia kando ya farasi, inawachapa, inamsaidia mzee amalize mfuo wake wa mwisho. Sijui picha nyingine ya kifo iliyojaa upole kama ile. Baada yake inakuja picha ya mtoto. Nyumba ni kibanda kilichotoboka paa, mama amechutama akipika, na mauti inamtoa mtoto mlangoni kwa mkono. Mtoto anageuka kumwangalia mama. Hapo upole umekwisha. Holbein hakujaribu kukieleza kifo cha mtoto, alikichora tu.

Na yapo mengine nisiyoyaona kwenye kuta. Kila picha kitabuni ina ukubwa sawa. Papa amepewa zile sentimita 6.5 kwa 5. Mchuuzi amepewa zizo hizo. Nadhani msomaji wa gazeti ananielewa. Sisi tuna kurasa za matangazo ya vifo, na huhitaji kujua kusoma ili umtambue marehemu aliyekuwa na nacho: mmoja ana nusu ukurasa na picha ya rangi, mwingine ana kisanduku cha kidole gumba. Hata hapo tunapangana.

Safu hii ni ya lugha, kwa hiyo niruhusu nisimame hapa kidogo. Mchoraji akitaka kukipa kifo mwili, lugha yake humwekea mipaka. Kwa Wajerumani neno la kifo ni la jinsia ya kiume. Kwa Wafaransa ni la kike. Holbein alichora katika mji wa Wajerumani, kitabu kikachapishwa kwa Wafaransa. Katika picha nyingi mauti yake ni mifupa isiyo na jinsia, lakini katika ile ya malkia wa kaizari imekuwa kikongwe wa kike, inamwelekeza mwanamke mwenzake kwenye kaburi lililo wazi. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kifo kimo katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kikombe. Hakina uume wala uke. Ila tazama vitenzi tunavyokipa: kifo hubisha hodi, mauti humfika mtu, humkuta, humchukua. Mwili hatukukipa, lakini miguu tulikipa.

Liangalie pia neno ajali. Leo ukilitamka watu huwaza matatu iliyopinduka. Lakini asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ambayo mtu ameandikiwa. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Walikusudia ahadi ambayo haikwepeki, hawakuwa wakizungumzia breki mbovu. Maana zile mbili, ile ya kuandikiwa na ile ya kushtukizwa, ndizo anazozichora Holbein kwa pamoja: saa ya mchanga imo katika picha nyingi, ikionyesha kwamba muda ulihesabiwa tangu mwanzo, na hata hivyo kila mtu ameshtuka. Washairi wetu wa pwani walishika njia nyingine. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hakuhitaji mifupa inayocheza. Alituonyesha majumba ya mabwana wa Pate yaliyobaki magofu. Kila taifa huchora mauti kwa vitu lilivyo navyo.

Sasa nije kwa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kitabu hiki.

Nimesema Holbein alizichora. Kweli, lakini picha ya aina hii haitoki mkononi mwa mchoraji ikaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Kwanza mchoro huwekwa juu ya kibao kilicholainishwa. Kisha fundi mwingine, mwenye visu vidogo na patasi, huchonga na kuondoa kila mahali panapotakiwa kubaki peupe, ili mistari ya mchoro isimame peke yake kama kuta nyembamba. Hiyo mistari ndiyo inayopakwa wino na kugandamizwa karatasini. Akiteleza mara moja, uso wa mtu umeharibika na haurudi. Kazi yote huifanya akijua kwamba kwenye karatasi kushoto kutakuwa kulia. Kiswahili kinaijua kazi hii vizuri. Kitenzi chetu kuchora, ukikifuatilia katika kamusi za zamani, ni kuandika sura na vilevile ni kukata nakshi katika mti. Fundi wa milango ya Lamu na mtu wa penseli wote wawili huchora. Lugha haikuwatenganisha.

Fundi aliyezichonga mbao za Holbein aliitwa Hans Lützelburger. Wajuzi wa sanaa hii humhesabu miongoni mwa mafundi stadi kuliko wote waliopata kushika kisu. Kabla au karibu na wakati wa kazi hii alikuwa amechonga, kutokana na michoro ya Holbein huyo huyo, alfabeti nzima ya mauti: herufi 24, kila moja ndani ya mraba wa kama sentimita mbili na nusu, na katika kila herufi mtu anachukuliwa. Fikiria mtoto aanze kusoma A kwa mifupa!

Lützelburger alikufa mwaka wa 1526, mbao hazijaisha. Alikuwa na deni. Mmoja wa waliokuwa wakimdai ni Melchior Trechsel, mpiga chapa wa Lyon, na vibao vilivyokwisha kuchongwa vikaenda kwake. Yaani kazi ile ya kuonyesha tajiri akizolewa pesa na mauti ilichukuliwa yenyewe kama malipo ya deni la maiti. Vibao vikakaa miaka 12 hivi. Hatimaye, mwaka wa 1538, Melchior na ndugu yake Gaspar wakavichapa, juu ya kila picha wakaweka maneno ya Biblia kwa Kilatini, na chini yake beti za Kifaransa zilizotungwa na Gilles Corrozet.

Kitabuni hutalipata jina la Holbein. La Lützelburger pia hulipati. Katika dibaji, ambayo inaaminika iliandikwa na Jean de Vauzelles kwa heshima ya mama mkuu wa watawa wa mjini Lyon, mwandishi anamlilia aliyezibuni picha hizi, ambaye anasema amekwisha kufa. Anatoa wazo la kustaajabisha: kwamba mauti iliogopa kuchorwa ikiwa hai mno, ikahofia watu watakoma kuihofia, basi ikamkatiza fundi siku zake. Anaeleza kwamba baadhi ya picha zimebaki bila kukamilika, mojawapo ikiwa ya mwendesha gari la farasi aliyeangukiwa na gari lake.

Lakini Holbein hakuwa amekufa! Mwaka ule wa 1538 alikuwa mchoraji wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, na mwezi wa Machi alikuwa ametumwa Brussels kumchora Christina wa Denmark, binti ambaye mfalme alikuwa akimfikiria kumwoa. Ndiyo maana watafiti wengi husema maiti anayeliliwa katika dibaji ni Lützelburger. Analiliwa bila kutajwa. Katika kitabu kizima ameacha herufi mbili tu, H na L, alizozichonga katika picha ya mke wa mtawala, kwenye mguu wa kitanda. Ni ndogo sana. Mimi mwenyewe nilizikosa mara ya kwanza.

Nina sababu ya kuzijali herufi zile mbili. Marehemu baba yangu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Enzi hizo herufi zilikuwa vipande vya risasi. Alizichukua moja moja kutoka sandukuni, akazipanga kinyume, na mpaka uzee wake aliweza kusoma gazeti lililopinduliwa bila kuligeuza. Rafuni kwangu kuna kitabu alichokipanga tangu jalada hadi jalada. Kina jina la mwandishi, jina la mchapishaji, jina la kiwanda, hata shukrani kwa mtu aliyemwazima mwandishi nyumba ya kuandikia. Baba hayumo. Nilimwuliza siku moja kama hilo halimuudhi. Akaniambia, “Makosa yangekuwamo ungeniona. Hayamo.” Sikumwelewa wakati ule.

Yapo maandishi mengine ya Lyon yanayonigusa vivyo hivyo. Mwaka wa 1499, yaani takriban miaka 40 kabla ya kitabu cha Holbein, mpiga chapa Mathias Huss alitoa humo mjini kitabu cha ngoma ya mauti cha mtindo wa zamani. Ndani yake kuna picha ya karakana ya wapiga chapa: mpanga herufi ameketi mbele ya sanduku lake, wenzake wako kwenye mtambo, na kando muuza vitabu yuko dukani. Wote wamekamatwa na mifupa. Hiyo ndiyo picha ya zamani zaidi inayojulikana ya mtambo wa kupiga chapa. Kwa maneno mengine, sura ya kwanza tuliyo nayo ya watu wa kazi ya baba yangu iliwekwa kwenye karatasi kwa sababu walikuwa wanakufa. Bila mauti wasingechorwa.

Naye Holbein? Alifia London mwaka wa 1543, baina ya Oktoba na Novemba. Inaaminika ni tauni iliyokuwa mjini majira yale. Wosia wake wa tarehe 7 Oktoba umehifadhiwa. Aliagiza vitu vyake viuzwe, na farasi wake pia, ili madeni yalipwe, na akatenga fedha za matunzo ya watoto wake wawili waliokuwa bado kwa mlezi. Kaburi lake halijulikani liko wapi. Mtu aliyemchora mfalme mezani, na mtoto akitolewa mlangoni, aliondoka akihesabu madeni na kuwaza watoto, kama watu wote.

Kitabu chenyewe kikaendelea kuishi. Katika miaka ya 1540 wachapishaji wa Lyon, ndugu wa ukoo wa Frellon, waliongeza picha zilizosalia katika matoleo mapya, na hata yule mwendesha gari aliyeangukiwa akapata ukurasa wake. Wengine waliviiga vibao vile kwingineko Ulaya, wakauza picha zisizofikia nusu ya ustadi wa zile za kwanza. Kisu cha Lützelburger hakikupata mrithi.

Basi, nimjibu nini yule kijana wa safu ya nyuma?

Nitamwambia kwamba methali yake ni ya kweli na picha za Holbein ni za kweli, na hazigombani. Anayekufa hufa peke yake. Hakuna anayeshikwa mkono hadi mwisho. Kila mmoja ana sanduku lake la sentimita 6.5 kwa 5, na ndani yake yumo yeye, kazi yake na saa yake ya mchanga. Kwa hiyo neno harusi katika methali halimhusu maiti. Linatuhusu sisi tuliobaki, tunaosogeza viti, tunaochanga, tunaokesha tukipika katika masufuria makubwa na kuimba hadi alfajiri, na ndani ya makelele hayo tunalitaja jina la aliyekwenda, mara nyingi, kwa sauti. Hiyo ndiyo kazi ya harusi. Lützelburger hakuipata; aliyemlilia hakumtaja.

Na nitamwomba radhi, maana siku ile alipouliza swali lake ilinipasa kumwuliza kwanza majina ya wale watatu waliowazika. Tutaonana naye darasani Jumanne.